Mtumwa wa Virginia, Jamaika, Bahia na Unguja: nani alikuwa na "afadhali"? (Uzi mrefu)

#1 · Mleta uzi

Wakuu, habari za jioni.

Juzi kijiweni kwetu, penye kahawa na kashata, ulizuka ubishi ambao nimeshindwa kuuacha hukohuko. Mwalimu mmoja mstaafu alidai Mreno na Mhispania walikuwa na nafuu, kwa sababu Kanisa Katoliki lilikubali kwamba mtumwa ana roho, na ndiyo maana Brazil watu wamechanganyika mpaka leo. Kijana mmoja akarukia: mbaya kuliko wote ni Mmarekani, hilo halina mjadala. Mzee wa Kipemba akatua kikombe, akasema watumwa wa huku kwetu walikuwa kama watoto wa nyumbani. Hapo benchi likagawanyika.

Nimesoma mambo haya miaka kadhaa, nikaona niyaweke hapa. Mwenye haraka apite tu. Wasimamizi, msiuunganishe na ule uzi wa bei ya sukari, ingawa mtaona ni ndugu.

Tuanze na hesabu, maana maneno matamu kila mtu anayo. Waafrika kama milioni 12.5 walipakiwa melini kuvuka Atlantiki. Walioshuka wakiwa hai ni kama milioni 10.7. Sasa angalia walikoshushwa. Eneo lililokuja kuwa Marekani lilipokea moja kwa moja kutoka Afrika watu wasiofika 400,000. Jamaika, kisiwa kidogo kuliko mkoa wa Kilimanjaro, kilishushiwa karibu milioni moja. Brazil karibu milioni tano.

Rukia mbele. Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa wanaokaribia milioni nne. Jamaika, Waingereza walipotangaza uhuru mwaka 1834, ilikuwa na kama 311,000. Soma tena taratibu. Huku waliingia chini ya laki nne wakawa milioni nne. Kule waliingia karibu milioni, wakabaki laki tatu na ushee. Wapo waliouzwa kutoka Jamaika kwenda makoloni mengine, lakini hao hawatoshi kuziba pengo. Walikufa, na watoto hawakuzaliwa, au walizaliwa wakazikwa.

Kabla hamjanirukia: sisemi Mmarekani alikuwa mwema. Tofauti iko kwenye zao.

Muwa ukishakatwa haungoji. Siku moja mbili utamu unaanza kuharibika, kwa hiyo msimu wa kukamua kinu hakilali, na watu wake hawalali. Anayelisha miwa kwenye magurudumu akisinzia, vidole vinakwenda na muwa, mkono unafuata. Ndiyo maana kwenye vinu palikuwa na shoka au panga limewekwa kando, tayari. Halikuwa la miwa. Lilikuwa la kumkata mtu mkono kabla gurudumu halijamvuta mzima. Halafu kuna jikoni, masufuria ya maji ya miwa yanayochemka usiku kucha, na kabla ya yote hayo kuna kuchimba mashimo ya kupandia kwa jembe la mkono, kazi ambayo Jamaika ilifanywa na magenge yaliyokuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Mwanamke wa kazi hiyo mimba inakaa wapi?

Matajiri wa visiwani walipiga hesabu: kumlea mtoto mpaka ashike jembe ni gharama ya miaka, na meli nyingine iko njiani. Wakanunua. Virginia walilima tumbaku, baadaye Kusini yote pamba. Kazi ngumu, viboko vilevile, lakini haikuua kwa kasi ya kinu. Na Marekani ilipofunga uingizaji wa watumwa kuanzia tarehe 1 Januari 1808, mtoto wa mtumwa akawa mali inayokua yenyewe. Sheria ilikwishamwandaa: tangu 1662 Virginia iliamua mtoto anafuata hali ya mama. Bwana akimzalisha mjakazi wake, anaongeza mali. Baba anamuuza mwanawe na sheria inamsindikiza. Kati ya 1790 na 1860 kama watu milioni moja walihamishwa kutoka majimbo ya zamani kwenda mashamba ya pamba na miwa ya Kusini, wengine kwa minyororo na kwa miguu, mume huku, mke kule.

Kwa hiyo "waliongezeka" si sawa na "walitunzwa". Mfugaji naye ng'ombe wake wanaongezeka.

Nakunywa maji kwanza. Karibuni.

#2

Nimekaa siti ya mbele, mkuu. Ila umeruka sheria. Wafaransa walikuwa na kanuni nzima ya kumlinda mtumwa, chakula, nguo, ndoa. Waingereza hawakuwa na kitu kama hicho.

#3 · Mleta uzi

Swali zuri, maana hapo ndipo wengi wanaingia chaka.

Unazungumzia Code Noir, amri ya mfalme Louis wa 14 ya mwaka 1685. Ni kweli ilisema mtumwa abatizwe, Jumapili asifanyishwe kazi, kila wiki apewe unga wa muhogo na nyama ya chumvi au samaki, kila mwaka nguo pea mbili. Aliyeachwa huru apate haki sawa na aliyezaliwa huru. Ukisoma hapo tu unaweza kutokwa na chozi la shukrani.

Endelea kusoma. Kifungu cha 38: mtoro akikaa mafichoni mwezi mmoja, akatwe masikio na apigwe chapa ya ua la kifalme begani. Akirudia, akatwe mshipa wa nyuma ya goti na apigwe chapa bega la pili. Mara ya tatu, auawe. Kifungu cha 44: mtumwa ni mali inayohamishika, kama meza. Karatasi moja, mwandishi mmoja.

Na ile sehemu ya ulinzi ilifanyaje kazi? Kesi moja inatosha. Saint-Domingue, ambayo sasa ni Haiti, mwaka 1788. Mkulima wa kahawa aitwaye Lejeune aliwashuku watumwa wake kwamba wanaroga kwa sumu. Watumwa 14 walitoka shambani wakaenda mjini Le Cap kumshtaki kwa mateso. Hebu fikiria ujasiri wa watu hao. Maofisa walipofika walikuta wanawake wawili wamefungwa minyororo, miguu imechomwa moto, bado wanapumua. Baadaye walikufa. Ushahidi uko mkononi, sheria ipo, mahakama ipo. Wenye mashamba wakaandika barua za kumtetea mwenzao: akiadhibiwa, watumwa watajua kuna mamlaka juu ya bwana. Lejeune akaachiwa. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1791, uwanda wa kaskazini uliwaka moto, na sitashangaa kama kuna waliokuwa wanaikumbuka kesi ile.

Waingereza kweli hawakuwa na amri moja kutoka kwa mfalme. Waliwaachia walowezi wajitungie, na mwizi akitunga sheria ya wizi unajua itakavyokuwa. Barbados walitunga ya kwanza iliyo kamili mwaka 1661, Jamaika wakaichukua, South Carolina nao wakaiga. Ile ya Barbados ya 1688 ilisema bwana akimuua mtumwa wake katika kumwadhibu, hana kosa. Akimuua kwa ukatili tu, bila sababu, faini pauni 15. Angalau hawakudanganya.

#4

Mwalimu wako wa kijiweni bado hajajibiwa. Wahispania je? Nasikia mtumwa wa Kuba alikuwa anaweza kujinunua.

#5 · Mleta uzi

Mwalimu si wa kupuuzwa. Hoja yake ilitolewa na mwanahistoria Frank Tannenbaum mwaka 1946, na vyuo vimeipigania tangu hapo. Kuna ukweli ndani yake.

Sheria ya Kihispania ilitoka mbali, karne ya 13, kabla hata Amerika haijajulikana Ulaya. Ilimtambua mtumwa kuwa mtu anayeweza kuoa na anayeweza kuwa huru. Kuba ukazaliwa utaratibu unaoitwa coartación: mtumwa anatanguliza kiasi, bei yake inafungwa, bwana hawezi tena kuipandisha, naye anaendelea kudunduliza mpaka amalize. Nunua pikipiki kwa mkopo utaelewa, ila hapa pikipiki ni wewe mwenyewe. Waliofaidika zaidi walikuwa wa mjini Havana, wenye ufundi, wanawake wanaouza sokoni. Wa shambani angedunduliza nini?

Na hapa ndipo hoja ya mwalimu inapokatika, mtanisamehe nikikaza sauti. Haiti ilipoungua, dunia ikakosa sukari, na wenye mashamba wa Kuba wakaona mlango wazi. Mwaka 1789 mfalme wa Hispania alikuwa ametoa kanuni mpya ya kuwapunguzia watumwa ukali. Matajiri wakaipinga, na mwaka 1794 ikasimamishwa. Karne ya 19 Kuba ikafunikwa na miwa, watu wanafungiwa usiku kwenye mabweni yenye mlango mmoja na kufuli. Ufalme uleule, Kanisa lilelile, sheria ileile ya karne ya 13. Kilichobadilika ni zao. Utumwa Kuba ulikoma 1886.

Geuza upande wa pili uone kama inasimama. Louisiana ni Marekani, Wamarekani walewale, sheria zilezile zinazomhesabu mtoto kuwa mali. Lakini kwenye wilaya zake za miwa watumwa hawakuongezeka kama wenzao wa pamba, vifo vilizidi vizazi. Mtumwa wa Virginia alijua hilo bila kusoma kitabu. Kitisho kilichomnyamazisha kilikuwa kuuzwa "chini ya mto", yaani kupelekwa kusini kufuata Mto Mississippi.

Nikiona mtu anauliza bwana alikuwa dini gani, namuuliza alikuwa analima nini.

#6

Brazil umeigusa kwa namba tu. Na hiyo ndiyo iliyochukua wengi.

#7 · Mleta uzi

Brazil ni nchi mbili. Kuna Brazil ya kinu cha miwa, halafu machimbo ya dhahabu ya mkoa wa Minas, halafu kahawa, ambako mtu alitumika akaisha. Na kuna Brazil ya mjini.

Nenda mji wa Salvador, mkoa wa Bahia. Asubuhi mtumwa anatoka nyumbani kwa bwana, anatafuta kazi mwenyewe: kubeba mizigo bandarini, kubeba watu kwenye machela, kuuza vyakula mtaani. Jioni au mwisho wa wiki anapeleka kiasi walichopatana. Kinachozidi ni chake. Kwa kile kinachozidi watu walinunua hati ya uhuru, wengi wao wanawake. Kulikuwa na vyama vya kidini vya watu weusi, vya Mama wa Rozari, vinavyozika wanachama wake na wakati mwingine kuwasaidia kujikomboa. Matokeo yake sensa ya 1872 ilikuta watumwa milioni moja na nusu, lakini weusi na machotara walio huru walipita milioni nne. Virginia hilo lisingewezekana.

Na hawakulala kwa shukrani. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Januari 1835, Ramadhani ikiishia, Waislamu weusi wa Salvador, wengi Wayoruba na baadhi Wahausa, waliingia mitaani na mapanga. Wanaitwa Malê. Waliokamatwa walikutwa na karatasi za Kiarabu, aya na dua, nyingine zimekunjwa na kushonewa ndani ya vifuko vya ngozi vya kuvaa shingoni. Hirizi, wakuu, ileile mnayoijua. Wanne walipigwa risasi, wengi walichapwa, wengine wakarudishwa Afrika kwa nguvu.

Brazil ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika Amerika yote kuacha, tarehe 13 Mei 1888. Hiyo "nafuu ya Kikatoliki" ilidumu miaka 23 baada ya Marekani kumaliza.

#8

Unakwepa, mkuu. Unatembeza watu Amerika nzima ili usifike Unguja. Mzee wa Kipemba umejibu nini?

#9 · Mleta uzi

Sikwepi, nilikuwa napanga safu.

Kwanza, wa kwetu hawakwenda Unguja tu. Tarehe 14 Septemba 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa: watumwa 1,000 kila mwaka, piastre (sarafu za fedha) 20 kwa kichwa. Walipelekwa Isle de France, ndiyo Morisi, kwenye sheria ya 1723 iliyotungwa kwa kuiga Code Noir. Kwa hiyo Mmakua au Myao aliyeuzwa Kilwa angeweza kukatwa masikio kwa kalamu ya mfalme wa Ufaransa. Wengine, kupitia Msumbiji, walishushwa mpaka gati la Valongo, Rio de Janeiro. Na mkarafuu wenyewe uliletwa Unguja kutoka visiwa hivyohivyo vya Wafaransa mwanzoni mwa karne ya 19. Watu walikwenda huko, mti ukaja huku, kisha watu wakatafutwa tena kwa ajili ya mti.

Sasa Unguja. Sheria ya Kiislamu ina jambo ambalo Virginia hawakuwa nalo: suria akimzalia bwana wake, hauzwi tena, bwana akifa yuko huru, na mtoto ni huru tangu kuzaliwa, ana jina la baba na anarithi. Majid na Barghash, masultani, wote watoto wa masuria. Virginia mtoto kama huyo angepigwa mnada. Tofauti hiyo ni kubwa na sitaificha ili nimfurahishe mtu.

Shamba la karafuu nalo si kinu cha miwa. Desturi ilikuwa siku tano za bwana, Alhamisi na Ijumaa za mtumwa kulima kiunga chake. Na mjini kulikuwa na kitu kilekile cha Bahia. Mtumwa anakodishwa kwa siku, anapewa kikaratasi kinachothibitisha kazi, kibarua, yaani barua ndogo, ujira ukitoka sehemu inakwenda kwa bwana. Neno limebaki. Kila asubuhi mtu anaaga nyumbani anakwenda kibaruani.

Hata lugha inafanana. Brazil aliyetoka meli juzi hajui Kireno aliitwa boçal, aliyezaliwa palepale crioulo. Pwani yetu aliyeletwa juzi kutoka bara aliitwa mjinga, aliyezaliwa nyumbani kwa bwana mzalia. Tukitukanana "mjinga wewe" hatukumbuki tunamsema nani.

Lakini mzee anahesabu kuanzia mlangoni kwa bwana. Mimi nahesabu kuanzia kijiji kilichochomwa Nyasa, mwendo wa miguu mpaka Kilwa au Bagamoyo, walioachwa njiani kwa sababu hawawezi tena kubeba, jahazi lililoshindiliwa, soko la Mkunazini. "Mtoto wa nyumbani" ni yule aliyefika. Na suria alipochaguliwa hakuulizwa.

Soko lilifungwa Juni 1873 kwa mkataba wa Barghash na Waingereza. Utumwa wenyewe ulivuliwa nguvu ya kisheria Aprili 1897, ila angalia masharti: mtumwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, na akiachwa huru aoneshe makazi na riziki, la sivyo ni mzururaji. Masuria waliachwa nje mpaka 1909. Mwenye shamba alilipwa fidia.

#10

Fidia alilipwa nani? Bwana? Umekosea hapo.

#11 · Mleta uzi

Sijakosea, kaka. Kila palipolipwa fidia, mlipwaji alikuwa bwana. Bunge la Uingereza lilitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa, deni ambalo serikali yao ilisema limemalizika kulipwa 2015. Watumwa wenyewe waliongezewa miaka ya kazi bila ujira kwa jina la "uanagenzi", mpaka 1838. Surinam ya Waholanzi uhuru ulitangazwa tarehe 1 Julai 1863, kisha miaka kumi ya kulazimishwa kubaki mashambani. Haiti waliojikomboa kwa vita walidaiwa na Ufaransa mwaka 1825 faranga milioni 150 kwa hasara ya mali, na mali yenyewe ni wao. Baadaye zikapunguzwa kuwa 90. Nipe koloni moja iliyomlipa aliyechapwa, nitafuta uzi wote.

#12

Basi toa jibu moja tuondoke. Ungelazimishwa kuchagua?

#13 · Mleta uzi

Swali baya, lakini nitajibu. Salvador, mjini, mwanamke anayeuza chakula sokoni. Shamba la miwa sichagui hata bendera iwe ya nani.

Mzee nilimsomea majibu haya leo alasiri, sehemu ya Unguja yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema bibi yake mzaa baba alikuja na jahazi akiwa mtoto, akapewa jina na nyumba aliyofikia. La kwao hakulikumbuka, au hakulitaja. Kila mara alipokuwa na homa aliongea lugha ambayo hakuna mtu nyumbani aliyeielewa. Nikamuuliza lugha gani. Akasema, "Ningejua ningekwambia." Akaagiza kahawa nyingine.

Kama kuna mtu hapa wa Songea, Tunduru au ng'ambo ya ziwa, ana simulizi za waliochukuliwa upande wa kwao, alete. Hata jina la kijiji tu.